Hariri Isiyo na Kiwavi: Safari ya Mti Hadi Kuwa Mtandio



Wasomaji wetu wapenzi, Ijumaa moja baada ya darsa ya laasiri alitujia mama mmoja wa mtaani akiwa na mfuko mkononi. Alitoa vitu viwili, akavitandaza juu ya mkeka. Kimoja kilikuwa kizibao cha rangi ya zabibu, kinachong'aa, alichomnunulia mwanawe aliyekuwa akingojea kufunga nikaha baada ya wiki mbili. Cha pili kilikuwa mtandio mweusi uliochanika katikati.

"Sheikh," alisema, "muuzaji ameniambia hiki ni hariri. Mwanangu naye amesikia kwako kwamba hariri haimfai mwanamume, amekataa hata kukijaribu. Babake amekasirika kwa kuwa pesa zimekwisha kutoka, na sasa baba na mwana hawasemezani. Na huu mtandio nimeununua kwa muuzaji yuyo huyo. Nimeufua mara tatu, ya nne umenichanikia mikononi. Hebu tuambie, tumenunua nini?"

Tukakigeuza kile kizibao ndani nje, tukaikuta lebo ndogo chini ya ukosi. Haikutaja hariri kamwe. Iliandika viskosi, asilimia 100. Na lebo ya mtandio nayo ilisema vivyo hivyo. Hukumu ya hariri tuliijua tangu chuoni, lakini viskosi hatukujua ni mnyama au ni mmea, na si halali kumjibu mtu juu ya jambo usilolijua. Tulimwomba yule mama atupe wiki moja. Tukasoma, tukawauliza wenye elimu ya kemia, na tuliyoyapata tumeona si haki kuyaficha kwa familia moja, maana hapana nyumba yetu leo isiyo na kitambaa hiki. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi na tuone vilivyoundwa.

Tasbihi ya sukari

Kila mmea aliouumba Mwenyezi Mungu, kuanzia ukoka wa uwanjani hadi mvule wa msituni, umejengwa kwa kitu kiitwacho selulosi. Mwaka 1838 mwanakemia wa Kifaransa, Anselme Payen, alikitenga kitu hiki kutoka katika mimea ya namna mbalimbali, akakuta ni kilekile kimoja.

Selulosi ni polima, yaani mnyororo mrefu uliofanywa kwa chembe ndogo zinazofanana, zilizoshikana moja baada ya nyingine. Mfano ulio karibu nasi ni tasbihi. Chukueni punje, zitungeni katika uzi, na badala ya kukoma kwenye tisini na tisa endeleeni hadi maelfu. Hivyo ndivyo ulivyo mnyororo mmoja wa selulosi ndani ya pamba. Na punje yenyewe ni glukosi, sukari ileile inayotembea katika damu zetu. Maajabu ya Muumba ni kwamba sukari huyeyuka ndani ya kikombe cha chai, lakini sukari hiyohiyo ikitungwa kwa namna hii haiyeyuki majini kabisa. Minyororo hulala ubavu kwa ubavu, ikashikana kwa nguvu. Ndiyo sababu kanzu ya pamba hufuliwa miaka na miaka, na mlingoti wa jahazi hunyeshewa bila ya kumumunyika.

Pamba hutupa selulosi ikiwa tayari katika umbo la uzi, kwa hiyo kazi ya mwanadamu huwa ni kusokota na kufuma tu. Selulosi ya mti sivyo. Nyuzi zake ni fupi mno kusokotwa, tena zimegandishwa pamoja kwa gundi ya asili ya mti. Na ukiitia motoni ili uiyeyushe kama nta, itaungua kabla ya kuyeyuka. Basi anayetaka kuvaa mti hana budi kwanza kuibadilisha selulosi kwa dawa hadi ikubali kuyeyuka, kisha aivute iwe uzi, kisha airudishe katika hali yake ya kwanza. Kubadilisha, kuvuta na kurudisha: hiyo ndiyo siri nzima ya viskosi.

Waliotaka kumwiga kiwavi

Hariri ya kweli hutoka kwa kiwavi alaye majani ya mforosadi. Hujifumia kifuko cha uzi mmoja mrefu, na mwanadamu huja akakifumua. Katikati ya karne ya 19 maradhi yaliwashambulia viwavi hao huko Ufaransa, hata mwaka 1865 mtaalamu mashuhuri Louis Pasteur akaitwa kwenda kuyachunguza. Nchi iliyoishi kwa hariri ilitambua jinsi riziki yake ilivyokuwa ikining'inia katika uzi wa kiwavi.

Mfaransa mwingine, Hilaire de Chardonnet, alisajili mwaka 1884 njia ya kutengeneza uzi unaong'aa kutokana na selulosi, akauonyesha kwa watu katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1889. Uzi wake ulipendeza macho, lakini ulikuwa na ila kubwa. Selulosi yake ilibadilishwa kwa asidi ya naitriki, dawa ileile iliyotumika kuigeuza pamba kuwa baruti, na nguo hiyo ilikuwa mwepesi wa kushika moto.

Njia iliyo salama zaidi kwa mvaaji ilipatikana Uingereza mwaka 1892, kwa kazi ya Charles Cross, Edward Bevan na Clayton Beadle. Mwaka 1904 haki ya njia hiyo ilinunuliwa na kampuni ya Courtauld, na mwaka uliofuata kiwanda chake katika mji wa Coventry kikaanza kazi. Hapa pana jambo litakalowagusa akina mama. Utajiri wa kampuni hiyo ulitokana na kitambaa cheusi cha hariri walichokivaa wajane wa Kiingereza wakati wa maombolezo. Desturi hiyo ilipoanza kufifia, wenye kampuni wakatafuta biashara mpya, wakaipata katika uzi wa mti. Mwaka 1924 Wamarekani waliupa uzi huo jina la reyoni, ili usiitwe tena hariri ya bandia. Kwa hiyo mkiona lebo imeandikwa reyoni au viskosi, jueni kwamba mara nyingi ni kitu kimoja.

Pishi la shughuli na karai la mahamri

Sasa tuingie kiwandani, nasi tutakwenda polepole.

Magogo hukatwakatwa, hupikwa kwa dawa hadi gundi yake itoke, na hubaki selulosi nyeupe iliyokaushwa mfano wa karatasi nene. Sehemu ya malighafi hii hutoka Afrika yetu hii, tena katika ufuo wa bahari yetu ya Hindi. Kule Umkomaas, kusini mwa Durban, kipo kiwanda kikubwa kinachogeuza mikaratusi kuwa selulosi ya nguo na kuipeleka ng'ambo.

Hatua ya kwanza ya kubadilisha ni kuilowesha selulosi ndani ya maji yaliyotiwa kostiki soda, takriban asilimia 18. Soda huivimbisha, ikaipenya minyororo iliyokuwa imekumbatiana. Kisha hukamuliwa, hufikichwa kama mtu anayefikicha unga na siagi, na huachwa ikae kwa muda maalumu. Katika kukaa huko, hewa huikata minyororo mirefu ikawa mifupi, ya punje mia kadhaa, ili baadaye isiwe mizito kupita kiasi.

Hatua ya pili ndiyo moyo wa kazi. Fikicho hilo huchanganywa na kimiminika kiitwacho kaboni disalfaidi, kilichoundwa kwa kaboni na kibiriti. Hapo selulosi huacha weupe wake ikageuka rangi ya machungwa. Si selulosi tena, ni kitu kingine, na kitu hicho, kikitiwa ndani ya maji yenye soda kidogo, huyeyuka! Hutokea uji mzito mfano wa asali, na kwa ajili ya uzito huo ndipo lilipotoka jina la viskosi.

Uji huo huchujwa, hutolewa mapovu ya hewa, na hungojewa uive. Kisha husukumwa kupitia kifuniko chenye matundu membamba kama unywele. Kwa kuwa dawa hizi hula vyuma vya kawaida, vifuniko hivyo vilitengenezwa kwa mchanganyiko wa dhahabu na platini. Kifuniko kimezama ndani ya birika la asidi ya salfuriki na chumvi zake. Mara uji unapotoka tunduni na kukutana na asidi, kibiriti huachana na selulosi, na selulosi hurudi kuwa selulosi, lakini sasa ikiwa uzi. Uzi huvutwa ili minyororo ilale sawasawa, huoshwa, husafishwa kibiriti kilichosalia, hutiwa weupe, hukaushwa.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa mafungu. Mwingereza Charles Topham alibuni sanduku linalozunguka kwa kasi, ambamo uzi mbichi ulijikusanya ukawa keki yenye shimo katikati. Keki zilitolewa, zikapelekwa kuoshwa, zikapelekwa kukaushwa, kila fungu likingoja zamu yake kwa siku kadhaa. Ilikuwa kama pishi la shughuli: sufuria hujazwa, hupikwa, hupakuliwa, husuguliwa, ndipo ya pili ibandikwe. Na kila mpishi anajua kwamba sufuria mbili hazifanani. Hata ndani ya keki moja, uzi wa nje na uzi wa ndani haukukauka kwa namna moja, na ulipotiwa rangi ulitoka na mabaka.

Mwishoni mwa miaka ya 1930, katika mji wa Painesville, jimbo la Ohio nchini Marekani, kiwanda kilianza kuusokota uzi, kuuosha, kuutengeneza na kuukausha kwa mkondo mmoja usiokatika, ukitembea juu ya magurudumu kutoka dawa hii hadi dawa ile. Kazi ya siku ikawa kazi ya dakika. Hili tulifananishe na karai la mahamri. Mwanamke hodari hangoji karai lote liive ndipo alipakue. Upande huu anatia, upande ule anaopoa, mafuta yapo palepale, moto ni uleule, na kila andazi hukaa muda sawa na mwenzake. Huo ndio utaratibu wa mfululizo, nao umeenea katika viwanda vya leo. Hata kulowesha kwa soda na kukamua hufanywa bila ya kusimama. Hatua ya kaboni disalfaidi, katika viwanda vingi, ingali hufanywa kwa mapipa yaliyofungwa, pipa baada ya pipa, lakini kabla yake na baada yake mto hautulii.

Jibu la kizibao

Baada ya kuyafahamu hayo, jibu la bwana harusi likawa jepesi. Hariri iliyoharamishwa kwa wanaume, kama ilivyopokewa katika hadithi za Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ni ile itokayo kwa kiwavi. Wanawake wameruhusiwa. Viskosi haikuguswa na kiwavi. Asili yake ni mti, na mwisho wake ni selulosi, sawa na pamba na kitani. Kung'aa kwake hakuigeuzi dhati yake, kama vile shaba haiwi dhahabu kwa kusuguliwa. Wanazuoni wengi wa zama zetu walioulizwa juu ya hariri ya bandia wamejibu kwamba kwa dhati yake haiingii katika katazo, ila mwanamume asivae mavazi ya kike wala ya kujivuna.

Tuongeze mawili kwa faida. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wa watu wa pwani yetu, nguo iliyochanganywa hariri ya kweli na uzi mwingine hutazamwa uzito: hariri ikizidi, haimfai mwanamume, isipozidi hakuna ubaya. Na katika hadithi imethibiti ruhusa kwa masahaba wawili kuvaa hariri kwa sababu ya muwasho wa mwili. Dini hii haikuja kutudhiki.

Na muuzaji akikuambia ni hariri, na lebo hakuna, utajuaje? Chomoa uzi mmoja kutoka kwenye pindo, ushike kwa kibanio, uuchome juu ya sinia, mbali na watoto. Hariri ya kweli hunuka kama unywele unaoungua na huacha kidonge cheusi kinachosagika kwa vidole. Viskosi huungua haraka kama karatasi, hunuka karatasi, na huacha jivu jepesi. Poliesta, ambayo asili yake ni mafuta ya petroli na ndiyo iliyojaa katika mabuibui ya siku hizi, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu kisichosagika. Subirini kipoe kabla ya kukigusa. Nanyi wauzaji, mwogopeni Mwenyezi Mungu katika majina ya bidhaa. Kumuuzia mtu mti kwa jina la kiwavi ni ghushi, hata kama bei mliafikiana.

Jibu la mtandio

Mtandio nao haukuwa mbovu. Uliteswa bila ya kujua. Kumbukeni kwamba katika kutengenezwa kwake minyororo ya selulosi ilikatwa ikawa mifupi, na ilipogeuzwa uzi tena haikurudi kushikana kama ilivyoshikana ndani ya pamba. Maji hupata nafasi ya kupenya katikati yake. Ndiyo maana viskosi hunywa jasho vizuri na kumpoza mvaaji katika joto letu la kaskazi. Lakini maji hayohayo huidhoofisha: ikiwa imelowa, nguvu zake hupungua kwa takriban nusu. Pamba haina ila hiyo, na mama zetu waliozoea kukamua leso za pamba kwa nguvu zote za mikono miwili hukamua na viskosi vivyo hivyo. Hapo ndipo inapochanika.

Basi fueni mtandio wa viskosi kwa maji ya baridi au ya vuguvugu na sabuni laini. Msiuloweke usiku kucha, msiufikiche, wala msiukamue kwa kuupota. Uvingirisheni ndani ya taulo, ulikandamize taulo linywe maji, kisha uanikwe kivulini. Pasi iwe ya joto la kadiri, upande wa ndani, kitambaa kikiwa na unyevu kidogo. Nguo mpya hupungua kimo kwa kufuliwa, kwa hiyo mshonaji aifue kabla ya kukata.

Bei isiyoandikwa kwenye lebo

Hapa tungeweza kukomea. Nikaha ilikuwa halali, mtandio umepata dawa. Lakini tulipokuwa tukisoma tulikutana na jambo lililotunyima usingizi, na amana inatulazimu kulisema.

Ile kaboni disalfaidi, inayoifanya selulosi ikubali kuyeyuka, ni sumu. Huchemka kwa joto la nyuzi 46 tu, kwa hiyo mvuke wake huinuka kwa urahisi na kuvutwa na pumzi ya mfanyakazi. Mwaka 1856, kabla ya viskosi kujulikana, daktari Auguste Delpech wa Paris alieleza maradhi ya mafundi wa mpira walioitumia dawa hiyohiyo: kuumwa na kichwa, udhaifu wa viungo, na akili kuvurugika. Mtu alitoka nyumbani mpole, akarudi mkali asiyejielewa. Onyo lilikuwapo, na viwanda vya reyoni vilipojengwa baada ya nusu karne, wengi hawakulisikia.

Nchini Marekani aliyelisikia alikuwa mwanamke. Dakta Alice Hamilton, mwanamke wa kwanza kuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 1919, alifuatilia habari za wafanyakazi wa reyoni waliopooza au kupelekwa hospitali za wagonjwa wa akili. Katika miaka ya 1930 alisukuma hadi uchunguzi rasmi ukafanywa katika jimbo la Pennsylvania, na madhara yakathibitishwa. Mwaka 1968 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba wafanyakazi wa viskosi walikuwa wakifa zaidi kwa maradhi ya mishipa ya moyo kuliko wenzao wa kazi nyingine.

Na kisa cha Korea Kusini kina ibra kubwa kwetu sisi tunaozijua bidhaa za mtumba. Katika miaka ya 1960 mashine za viskosi zilizokwisha tumika Japani zilipelekwa huko, zikaendesha kiwanda kilichokuja kuitwa Wonjin. Mamia ya wafanyakazi walithibitishwa kudhuriwa na sumu. Baada ya maandamano ya wagonjwa na familia zao, kiwanda kilifungwa mwaka 1993. Mashine hazikuvunjwa. Ziliuzwa tena, zikasafirishwa China. Kila nchi iliyotajirika ikausukuma moshi kwa jirani aliye maskini zaidi.

Utaratibu wa mfululizo, tuliousifu hapo juu, una nyuso mbili katika jambo hili. Mashine zilizofungwa pande zote huuzuia mvuke usitoke, na huwezesha sumu kukusanywa na kutumika tena. Kiwanda chenye kuogopa hesabu ya Mola wake kinaweza kuwalinda watu wake. Lakini mto usiolala humtaka mtu asiyelala. Mashine ikitembea mchana na usiku, na uzi ukikatika, kuna mkono unaotumwa ndani ya mvuke kuuunga, na mwenye mkono huyo ana mke, ana watoto, na pengine hajui jina la kinachomuua.

Ifahamike vyema, ili tusiwatie watu hofu ya bure: nguo ikishaoshwa na kukaushwa, sumu ile haimdhuru mvaaji. Mtandio wenu ni salama. Dhara ni la waliousokota, na la majirani wanaokunywa maji na kuvuta hewa ya karibu na kiwanda kisichotunzwa.

Lililo mikononi mwetu

Atasema msomaji, sisi tuko pwani ya Kenya, hatuna kiwanda cha viskosi, tufanye nini? Tunasema, yapo matatu.

La kwanza, tununue kwa kiasi na tutunze. Nguo iliyogharimu pumzi ya mtu haifai kuvaliwa mara mbili ikatupwa. Hakuna katazo la kujipamba. Israfu ndiyo iliyokatazwa.

La pili, tuulize. Upo uzi mwingine wa mti uitwao layoseli, ambao selulosi yake huyeyushwa moja kwa moja bila ya kaboni disalfaidi, na kiyeyusho chake hukusanywa karibu chote, zaidi ya asilimia 99, kikatumika tena. Bei yake ni ya juu, na si kila mtu atauweza. Lakini mfanyabiashara wetu anayeagiza mizigo akiulizwa na wateja ishirini, ataanza naye kumuuliza anayemuuzia. Kanuni ya sheria yetu inayokataza mtu kudhuriwa na kudhuru wengine haikuwekewa mpaka wa bahari.

La tatu ni la nyumbani kabisa. Kostiki soda inayoivimbisha selulosi kiwandani ndiyo ileile wanayoitumia akina mama wa vikundi vyetu kutengenezea sabuni. Kinachofungua minyororo ya mti hufungua na ngozi ya mtoto. Tieni soda ndani ya maji kidogo kidogo, kamwe msimimine maji juu ya soda, kwani huchemka na kuruka. Vaeni glavu na miwani. Msiiweke ndani ya chupa ya soda ya kunywa wala ya maji, hata kwa saa moja. Ikimrukia mtu, oshweni kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu. Mtoto akiimeza, msimlazimishe kutapika. Mpanguseni kinywa, mkimbilieni hospitali. Tunaomlaumu mwenye kiwanda wa mbali kwa kutowalinda watu wake, tuanze kwa kuwalinda walio chini ya dari yetu.

Wiki ilipotimia, yule mama alirudi, safari hii akiwa na mumewe na mwanawe. Tukawaeleza yote haya, na baba akamwambia mwanawe, "Nisamehe, ulikuwa na haki ya kuuliza." Wakashikana mikono mbele yetu. Kijana akakivaa kizibao kile palepale, na kikamkaa. Kisha akakinyoosha kwa kiganja, akatazama chini, akauliza, "Sheikh, na hao waliokishona mti huu, sisi tunawadai au wao wanatudai?"

Tulimjibu kwamba wao wanatudai dua, na wanatudai tusiisahau habari yao tunapopendeza. Siku ya nikaha, kabla ya Fatiha ya mwisho, kijana yule alituomba tuwatie katika dua wafanyakazi wasiojulikana majina. Watu waliitikia amina bila ya kujua sababu. Sasa mmeijua.

Ewe Mola, wape afya wote wanaotuvisha, utujaalie tuvae kwa shukrani, na utuvishe vazi lililo bora kuliko yote, nalo ni vazi la kukucha Wewe. Amin.